Nyama bandia ya kujifunzia sindano ya ganzi kwa ultrasaundi: shajara ya mradi

14 Januari: Nia, na vilivyopo mezani

Wadau, hii naiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kujifunza kupeleka sindano ya ganzi mpaka ubavuni mwa neva huku macho yako kwenye skrini, na hana pa kujifunzia zaidi ya kwa mgonjwa mwenyewe. Mifano ya kununua ipo, mizuri tu, ila kwa wengi wetu haigusiki. Kwa hiyo tunatengeneza yetu, ikibuma tunayeyusha tunaanza upya.

Kwanza niseme kwa nini nahangaika hivi. Picha peke yake haikuambii maumivu yanatoka wapi. Mwaka 1994 Jensen na wenzake walichapisha kazi moja, walipiga MRI migongo ya watu 98 ambao hawana maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta 52% wana diski (ile sahani laini kati ya pingili na pingili) iliyotuna angalau sehemu moja, na wenye diski zote safi walikuwa 36% tu. Yaani karibu theluthi mbili ya watu wazima wasioumwa picha zao zina kasoro. Sasa akija mtu mgongo unamuuma na picha yake ina diski imetuna, unajuaje kama ndo hiyo? Unaweza ukatibu picha mwaka mzima na mtu bado analia. Njia mojawapo ya kupima ni kuitia ganzi neva moja tu unayoishuku, dawa kidogo sana, halafu unamuuliza maumivu yamepungua au yapo vilevile. Hapo sindano inakuwa kipimo, sio tiba peke yake, na ikitua pembeni jibu lote limeharibika, utasema neva haihusiki kumbe dawa haikuifikia.

Vifaa: mashine ya zamani ya kubebeka ambayo idara inaniachia jioni, ina probu bapa (kile kishikio cha kuweka kwenye ngozi, kinatuma sauti na kupokea mwangwi wake) ya megahezi 5 mpaka 12. Jelatini ya unga isiyo na ladha. Isapgoli, yale maganda watu wanakunywa kwa ajili ya choo kigumu. Boksi la plastiki lenye kina cha kama sentimita kumi, rangi ya chakula, nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, na sindano butu za 22G (G ni namba ya unene wa sindano). Bei siandiki, kila mtu ana soko lake, nitaandika vipimo na kilichopotea.

21 Januari: Jelatini tupu

Gramu 100 kwa lita moja ya maji. Iloweke kwenye maji baridi kwanza mpaka ivimbe, ndo upashe taratibu mpaka iyeyuke, usiichemshe kwa sababu ikichemka inapoteza nguvu ya kuganda. Friji usiku mzima.

Iliganda vizuri, kwa macho ilipendeza. Kwenye skrini giza tupu, halafu sindano inang'aa katikati kuanzia kwenye ngozi mpaka nchani. Kila aliyejaribu alifika bila jasho. Dada mmoja wa idara ya usingizi akachoma mara moja, akacheka, "Kaka, hii sio nyama, haya ni maji yamesimama." Alikuwa sahihi kabisa. Jelatini safi haina chochote cha kurudisha mwangwi, kwa hiyo sindano haina cha kushindana nacho. Nyama ya mtu imejaa chembechembe, mafuta, tando za misuli, kila kimoja kinarudisha sauti kidogo, na sindano inabidi uitafute humo ndani. Mfano unaokuonyesha sindano kirahisi hivi unakupa kiburi tu.

Na ilikuwa laini mno, ukibonyeza probu inapasuka pembeni. Nimepandisha mpaka gramu 180 kwa lita, hapo inastahimili mkono mzito.

28 Januari: Isapgoli, mapovu, na mstari uliojileta

Isapgoli iliyosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwa kila robo lita, inaleta ule ukungu wa kijivu unaofanana na misuli. Kwenye karatasi rahisi. Sufuriani ikawa kazi.

Ukiimwaga yote kwa mpigo inafunga madonge, na kila donge limebeba hewa. Hewa kwa ultrasaundi ni ukuta, sauti haipiti, unaona doa jeupe na chini yake kivuli kichafu kinachofuta kila kitu. Boksi la kwanza lilikuwa na mawingu mengi mpaka sindano haionekani kabisa, nikalitupa lote, lita mbili zimekwenda. La pili nilikoroga taratibu mapovu yakapungua, ila niliimimina ikiwa bado ya moto na nyepesi, isapgoli yote ikazama chini, juu ikabaki giza na chini ukungu mzito.

Kilichofanya kazi ni hiki: zima moto, nyunyiza isapgoli kidogo kidogo huku unakoroga upande mmoja bila kupiga, iache ya uvuguvugu ili mapovu yapande, engua povu, halafu subiri. Hapa ndo watu wanaharakisha. Subiri mpaka iwe nzito kama uji unaoanza kupoa, imimine ikipita kwenye ukuta wa boksi. Ikishakuwa nzito chembe hazizami tena. Weka rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea, la sivyo mtu atachungulia kwa pembeni badala ya kuangalia skrini, na atachungulia tu, hata umwambie nini.

Kitu kimoja kilijileta chenyewe. Nilimimina tabaka la pili baada ya la kwanza kuganda, na pale yanapokutana ukatokea mstari mweupe mwembamba unaofanana sana na utando wa misuli. Sasa natumia makusudi: tabaka la juu sentimita moja bila isapgoli nyingi, mstari, kisha "misuli". Mtu anajifunza kuhisi na kuona sindano ikivuka utando.

11 Februari: Mshipa wa damu

Neva nyingi zinatembea na mshipa wa damu, na dawa ya ganzi ikiingia mshipani ni hatari ya moyo na ubongo, kwa hiyo mfano usio na mshipa umeacha somo kubwa nje.

Mpira wa dripu haufai. Kuta zake ni ngumu, unaona mistari miwili minene inayong'aa na chini kivuli, na hakuna mshipa wa mtu unaofanana na hivyo. Puto jembamba lenye maji lilionekana vizuri zaidi ila likichomwa linamwaga maji yote na boksi limekwisha.

Mwishowe nikaacha kuweka bomba, nikatengeneza tundu. Toboa boksi pande mbili zinazotazamana, pitisha fimbo laini ya chuma iliyopakwa mafuta, ziba kingo kwa udongo wa kuchezea, mimina jelatini, ikiganda chomoa fimbo. Unabaki na mfereji usio na ukuta, mweusi na wa duara, unaofanana na mshipa kweli. Tatizo: ukichomoa fimbo inavuta, na inachovuta ni hewa, tundu linajaa povu na kivuli kinameza nusu ya boksi. Tiba yake ni kuchomolea ndani ya beseni la maji, boksi lote limezama, fimbo inatoka polepole na maji yanaifuata nyuma yake. Hewa haina pa kupita. Hii ndo hatua iliyookoa mradi, nyingine zote ni marekebisho.

Kisha nikataka Doppler ya rangi, ile inayopaka rangi kwenye skrini pale damu inapotembea. Nikaunga mipira ya dripu pande zote mbili, chupa ya maji ikainuliwa juu, maji yanatiririka, na skrini haionyeshi rangi yoyote. Nikahangaika na vitufe wee. Kumbe maji matupu hayana chembe za kurudisha mwangwi, damu inaonekana kwa sababu ya seli zake. Nusu kijiko cha chai cha wanga wa mahindi kwenye lita ya maji, tikisa chupa kila mara kwa sababu unazama, rangi ikawaka. Na hata hapo ukiishika probu wima kabisa juu ya mshipa rangi inafifia, kwa sababu Doppler inapima mwendo wa kuja au kwenda kwa probu, ule wa kukatiza haiusomi. Inamisha kidogo.

Kwa kupita tu: Doppler ndo ilitangulia kwenye kazi hii. Mwaka 1978 La Grange na wenzake waliitumia kutafuta ateri ili wajue pa kuchoma ganzi ya mkono juu ya mfupa wa mtulinga, hawakuwa na picha ya sindano. Kuona kwenye picha neva na dawa inavyosambaa kulikuja na kundi la Kapral kule Vienna mwaka 1994. Ukilalamika kwamba mashine yako ni ya zamani kumbuka hao.

25 Februari: Ncha iko wapi?

Hapa ndo nilipotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote, na ndo sababu ya shajara hii.

Picha ya ultrasaundi ni kipande chembamba mno, pale kilipo chembamba zaidi ni kama milimita moja hivi. Sindano ya 22G ina unene wa milimita 0.7. Maana yake mkono ukiyumba kidogo tu, sindano inaingia kwenye kipande, inatembea humo kidogo, kisha inatoka upande wa pili. Kwenye skrini unaona mstari mweupe mzuri una mwisho, unasema hiyo ndo ncha. Sio ncha. Ni pale sindano ilipotoka kwenye picha, na ncha yenyewe iko mbele zaidi, gizani, pengine imeshapita neva.

Swali likawa, nitampimaje mtu? Anayechoma anaapa kwamba kafika, na skrini inamuunga mkono. Jibu ni wino na kisu. Weka shabaha ndani ya jelatini, mimi naweka kipande cha uzi mnene wa pamba (uzi lazima uchemshwe sana na upoe humohumo majini, mkavu una hewa na utang'aa kupita kiasi). Mchomaji akisema "nimefika", anasukuma tone moja la wino kwa bomba la mililita moja, anachomoa. Halafu unakata boksi kipande kwa kipande na kupima kwa rula kutoka kwenye wino mpaka kwenye uzi. Kwenye boksi hili usitie rangi nyeusi, tia nyekundu hafifu na ufunike kuta kwa karatasi, wino uonekane ukikata.

Siku hiyo kulikuwa kimya. Watu ambao skrini yao ilikuwa safi kabisa wino wao ulikutwa karibu sentimita nzima kupita uzi. Mmoja wino wake ulikuwa ndani ya mfereji wa damu. Yule dada aliyesema maji yamesimama ndo aliyekaribia kuliko wote, na alipoulizwa alisema tu kwamba yeye haamini mwisho wa mstari mpaka auone ukitoweka na kurudi.

Ndo tukakaa na hilo mpaka tukalielewa. Akiona "mwisho", anasimamisha mkono wa sindano, haisukumi hata kidogo, anatelezesha probu milimita moja kulia na kushoto. Kama mstari unarefuka ukihamisha probu, ule haukuwa mwisho. Kama unakatika palepale na unaona vile vistari viwili vidogo vya mdomo uliokatwa mshazari, hiyo ndo ncha. Sheria tuliyobandika ukutani: mkono mmoja ndo unatembea kwa wakati mmoja. Wanaokosea karibu wote wanasogeza vyote viwili, sindano na probu, halafu hawajui kilichopotea ni kipi.

Jambo la pili ni pembe. Sindano ikiingia kwa mteremko mkali, sauti inaigonga na kuruka pembeni, hairudi kwa probu, na sindano inafifia mpaka haipo. Tulizoea kuchomea palepale kwenye ukingo wa probu, na shabaha ikiwa na kina cha sentimita nne lazima sindano isimame. Rudi nyuma, chomea mbali na probu, sindano ilale, itang'aa. Inagharimu urefu wa sindano, ya milimita 50 haikutosha tukahamia 80. Au gandamiza ukingo wa probu ulio mbali na sindano, probu iinamie upande, uso wake uielekee sindano. Mdomo wa sindano utazame juu.

Na wale wanaotikisa sindano ili waione: kinachotikisika ni nyama yote ya karibu, unapata wazo la eneo lakini hupati ncha. Itumie kujua uko upande gani, usiitumie kuamua kusukuma dawa.

10 Machi: Nyama ya kweli

Jelatini ina ukomo wake, na ukomo ni kusukuma maji. Kwa mtu unasukuma mililita moja ya kwanza, unaangalia inavyofungua nafasi, unaendelea. Kwenye jelatini maji hayafungui nafasi, yanapasua, unapata ufa unaokimbia pembeni na basi.

Kwa hiyo hatua hii ni kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe chenye misuli zaidi ya mmoja, kisichokatwakatwa, na kano iliyopitishwa katikati ya misuli badala ya neva. Kano unaipitisha kwa koleo refu, nyama ikiwa imezamishwa majini, ni ileile hadithi ya hewa. Ipapase vizuri humohumo, mapovu yatoke.

Ilifanya kazi jioni ileile. Kano kwenye skrini ni doa jeupe lenye nyuzinyuzi, inamisha probu digrii chache tu linageuka jeusi, rudisha linawaka. Neva nayo ina tabia hiyo lakini kwa kiasi kidogo, na ndani inaonekana na vitundu vya giza vilivyozungukwa na weupe, kwa hiyo anayefundisha aseme mapema kwamba kano inatia chumvi. Ukisukuma maji mahali sahihi unaona giza linaizunguka kano mpaka linafunga duara. Ukikosea maji yanavimbisha msuli na kano haisogei. Tofauti hiyo huwezi kuifundisha kwa maneno.

Kilichoharibika: mtu mmoja hakujaza mpira wa sindano maji kabla ya kuanza, kiputo kimoja kikaingia kwanza, skrini ikawa nyeupe pale palipotakiwa kuonekana, na ile nyama haikutumika tena upande huo. Jaza mpira, gonga bomba, sukuma mpaka tone litoke nchani, kila mara.

Nyama ni ya siku hiyohiyo. Probu ifunikwe nailoni yenye jeli ndani, meza iwe ya mbali na wagonjwa, na sindano za mazoezi zikae kwenye kopo lililoandikwa wazi. Sindano iliyoingia kwenye nyama au jelatini haiendi kwa mtu, hata ikioshwa namna gani.

24 Machi: Mfupa

Hii bado haijakaa sawa. Lengo ni neva ndogo za viungo vya uti wa mgongo, zinazopita kwenye pembe kati ya chomozo la pembeni la pingili na chomozo lake la juu la kiungo. Nimetumia pingili za mnyama zilizochemshwa na kusafishwa, nikazimwagia jelatini ya moto, zikaanza kutoa mapovu kwa saa nzima. Mfupa mkavu una hewa kwenye vinyweleo. Tiba: uchemshe tena na uuache upoe ndani ya maji, ukipoa unavuta maji ndani.

Picha ikatoka: ukingo mweupe mkali wa mfupa na chini yake weusi mtupu. Hapo ndo ultrasaundi inapogota, nyuma ya mfupa haioni kitu. Ndo maana wengi kazi hii wanaifanya kwa eksirei ya moja kwa moja, ambayo inaona mifupa yote lakini haioni neva wala misuli, na kila mtu chumbani anahitaji kinga ya mionzi. Probu yangu ya megahezi 12 haikutosha kwa kina hiki, nimeazima ya mviringo ya megahezi 2 mpaka 5, picha ikawa ya kina lakini chafu zaidi, sindano ndo kabisa. Boksi nalo ni fupi, linahitajika la sentimita 15.

7 Aprili: Kutunza, na gharama mpaka sasa

Jelatini inaota ukungu haraka. Kwenye friji, juu imepakwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) na kufunikwa, inakaa zaidi ya bila hivyo, ila ikianza kunuka au kuteleza tupa, usione huruma. Kila njia ya sindano inabaki kama mstari mweupe, na baada ya darasa moja boksi limejaa mistari hujui ipi ni sindano ya leo. Yeyusha kwa moto mdogo, engua, mimina upya. Kila ukiyeyusha maji yanapungua na mgando unabadilika, ongeza maji kidogo, na usirudie mara nyingi, nguvu ya kuganda inaisha. Boksi la wino halirudiwi kabisa.

Kilicholiwa zaidi sio jelatini, ni muda wa friji na muda wa mashine. Jelatini lita mbili kwa boksi, isapgoli kopo moja limetosha mpaka leo, fimbo na boksi ni zilezile. Sindano ndo gharama halisi, zikishakunjika kidogo zinapinda kwenye kipande cha picha na kumdanganya mwanafunzi, kwa hiyo usiwe bahili hapo. Kama una nguvu ya kufanya hatua mbili tu, fanya mfereji wa kuchomolea majini na boksi la wino, mfupa uache kwanza.

Kinachofuata ni agari (unga wa kugandisha unaotokana na mwani) badala ya jelatini kwa boksi la mfupa, kwa sababu inastahimili joto la chumba bila kulegea. Wasiwasi wangu ni kwamba ni kavu na inakatika, sindano inaweza kuacha ufa. Nimeshaloweka pingili, nikimimina naongeza hapa.